Midomo karibu sawa, masafa mbalimbali: mzinga wa Königsberg uliushindaje wa Pegasus?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Mombasa. Pale Fort Jesus ipo mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Siku zote huwaeleza wageni kwamba Mjerumani alimzamisha Mwingereza kule Unguja kwa sababu mzinga wake ulifika mbali zaidi. Majuzi mwanafunzi mmoja wa sekondari akatoa rula, akapima midomo yote miwili, akaniambia tofauti ni milimita chache tu. Akauliza, huo umbali wa ziada ulitoka wapi? Tena akasema darasani wamefundishwa kwamba kitu kikirushwa kwa nyuzi 45 ndipo kinafika mbali kuliko pembe nyingine yoyote, basi Mwingereza si angeinua tu mtutu wake? Nikabaki sina la kusema. La mwisho ni langu mwenyewe: mizinga hii ilishushwa melini ikatiwa magurudumu. Ilikuwa ikipigwaje bila kupinduka?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Huyo mwanafunzi mwenye rula mshike vizuri, maana amegusa mahali ambapo hata watu waliosoma fizikia hupita haraka. Na alipima sawasawa. Tundu la mzinga wa Königsberg lina kipenyo cha milimita 105. La Pegasus ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Urefu wa mitutu nao unakaribiana, kila mmoja ni kama mara 40 ya kipenyo cha tundu lake, mita 4 na kitu. Ukiitazama kwa macho utasema ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti haipo mdomoni. Ipo kwenye kitu ambacho wageni wako hawakioni kwa sababu kilishapigwa zamani, nacho ni kombora. La Mjerumani lilikuwa na kilo 17.4. La Mwingereza lilikuwa na ratli 25, sawa na kilo 11.3 hivi. Yote mawili yanapita katika tundu linalokaribia kulingana, lakini moja ni refu na zito zaidi kwa kilo 6. Humo ndimo zilimotoka zile kilomita za ziada, na sababu yake ni hewa.

Turudi kwanza darasani kwa huyo kijana. Mwaka 1638 Galileo alionyesha kwamba kitu kilichorushwa kina mienendo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kwenda mbele kwa kasi isiyobadilika na mwingine wa kuanguka kwa kasi inayozidi kila sekunde. Ukiunganisha miwili hiyo unapata njia iliyopinda inayoitwa parabola. Kutokana na hapo vitabu vinatoa kanuni: umbali ni kasi kwa kipeo cha pili, mara sini ya pembe iliyozidishwa kwa mbili, gawanya kwa 9.81. Hesabu hii haina kosa. Ila ina sharti moja ambalo huandikwa kwa herufi ndogo au halisemwi kabisa: puuza hewa.

Sasa tuitumie kwa mzinga wa Königsberg. Kombora lake lilitoka mdomoni kwa mita 690 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kasi ya sauti, na kitako cha mzinga kiliruhusu mtutu uinuke mpaka nyuzi 30. Kanuni ya darasani inatoa kilomita 42. Ukiwa Unguja mjini, masafa hayo yangelifikisha kombora karibu na Bagamoyo. Lakini uwezo halisi wa mzinga ule ulikuwa kilomita 12 na ushei. Hewa imekula kilomita 30, karibu robo tatu ya safari nzima. Mwambie mwanafunzi wako aitazame namba hiyo kwa utulivu: jambo ambalo kitabu kimelipuuza ni kubwa kuliko jambo ambalo kimelieleza.

Aliyeanza kulipima jambo hili kwa makini ni Mwingereza Benjamin Robins. Mwaka 1742 alieleza jinsi alivyopiga risasi kwenye ubao mzito ulioning'inizwa kama pembea, akapima ubao umerudi nyuma kiasi gani, kisha akakokotoa kasi ya risasi. Akipiga kwa karibu anapata kasi moja, akisogea mbali anapata nyingine ndogo zaidi, na pengo kati yake ni kazi ya hewa. Wakati ule wengi waliamini hewa ni nyepesi mno kuisumbua risasi. Robins aliwatoa katika ndoto hiyo.

Ukinzani wa hewa unategemea mambo manne: wingi wa hewa yenyewe, umbo la kitu, eneo la uso wake unaoikabili hewa, na kasi kwa kipeo cha pili. Hilo la mwisho ndilo lenye madhara. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Tuchukue makadirio ya kawaida kwa makombora ya enzi zile, namba ya umbo iwe 0.4 na hewa ya pwani iwe kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Kombora la Königsberg likitoka tu mdomoni, hewa inalisukuma nyuma kwa nguvu ya nyutoni 990 hivi. Uzito wa kombora lenyewe ni nyutoni 171. Kwa hiyo katika zile sekunde za mwanzo adui mkubwa wa kombora si mvutano wa dunia tunaoufundisha kwa mwaka mzima. Ni hewa, tena kwa karibu mara sita.

Lakini nguvu peke yake haisemi kombora litapunguza mwendo kiasi gani. Lazima uigawanye kwa uzito wa kombora. Tuwape wote wawili kasi ileile ya mita 690, ili asije mtu akasema Mjerumani alikuwa na baruti bora. Kombora la Königsberg linapoteza mwendo kwa kiwango cha mita 57 kwa sekunde, kila sekunde. La Pegasus, ambalo uso wake ni mdogo kidogo na hivyo linasukumwa na nyutoni 926 tu, linapoteza kwa kiwango cha mita 82. Limesukumwa kwa nguvu ndogo zaidi, lakini limechoka haraka zaidi, kwa sababu nyuma ya uso ule hakuna kilo za kutosha. Ukitaka kuwaonyesha watalii pale pale uani, chukua ndimu na mpira wa tenisi ya meza unaolingana nao, virushe kwa nguvu moja.

Wataalamu wa mizinga hupima jambo hili kwa kugawanya uzito wa kombora kwa kipeo cha pili cha kipenyo chake. La Königsberg linatoa gramu 158 kwa kila sentimita mraba, la Pegasus gramu 109. Uwiano wake ni karibu 1.44. Namba hiyo moja inaeleza mengi zaidi ya rula ya mdomoni.

Nimekokotoa pia kwa makadirio yale yale makombora haya mawili yangefika wapi kabla ya kushuka hadi kasi ya sauti, ambayo katika joto la pwani ni kama mita 347 kwa sekunde. La Pegasus lingefika hapo baada ya kilomita 4 hivi. La Königsberg lingefika baada ya kilomita 5 na nusu au zaidi kidogo. Baada ya hapo hewa hulegeza mkono, kwa kuwa kombora haliburuti tena yale mawimbi ya mshindo yanayoambatana na kila kitu kinachokwenda kasi kuliko sauti. Lakini hasara ya mwanzo hairudi.

Hapo huyo kijana atakuuliza: kama uzito ndio siri, kwa nini wasitengeneze makombora mazito tangu zamani? Swali zuri, na jibu lake liko hapohapo ngomeni, kwenye ile mizinga ya zamani ya kujaziwa kwa mdomo, ambayo ilipiga matufe ya chuma. Tufe halina ujanja. Ukitaka liwe zito zaidi lazima lipanuke, na likipanuka linahitaji mzinga mpana zaidi. Tufe la chuma cha kusubu lenye kipenyo cha milimita 105 lina kilo 4.4 tu. Kombora la Königsberg katika tundu hilohilo lina kilo 17.4, mara nne. Lilipataje? Lilirefushwa. Lakini kitu kirefu chenye ncha kikirushwa hivi hivi hakisafiri kikitanguliza ncha. Hewa hukisukuma mbele ya kitovu cha uzito wake, nacho kinageuka, kinalala ubavu, kinabiringika.

Dawa yake ni kukizungusha. Ndiyo maana ukimulika tochi ndani ya mtutu, kama haujazibwa, utaona mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka kama parafujo. Kombora lina ukanda wa shaba kiunoni, mpana kidogo kuliko tundu. Baruti ikiwaka ukanda huo unajikata kwenye ile mifuo na kombora linalazimika kuzunguka likitoka. Tuseme kwa mfano mfuo unakamilisha duara moja kila mita 3. Kwa kasi ya mita 690 hiyo ni mizunguko 230 kwa sekunde. Kitu kinachozunguka hivyo hakikubali kupinduliwa kirahisi. Kwa hiyo ile mifuo, ambayo watu wengi hudhani ni ya kulenga tu, ndiyo iliyowapa mafundi ruhusa ya kurefusha kombora, na urefu ndio uliobeba uzito.

Tuje kwenye nyuzi 45. Kanuni ile ni kweli pale pasipo hewa. Penye hewa, pembe bora huhama, na inahamia wapi inategemea unarusha nini. Risasi ya bunduki ya kawaida, nyepesi na yenye kasi, hufika mbali zaidi ikiinuliwa kati ya nyuzi 30 na 35 hivi, kwa kuwa ukiipandisha zaidi inatumia muda mwingi hewani huku kasi ya kwenda mbele inaliwa. Kinyume chake ni ule mzinga ambao Wajerumani waliupigia Paris mwaka 1918 kutoka zaidi ya kilomita 120. Huo uliinuliwa nyuzi 50 hivi, juu ya 45, kwa makusudi. Kombora lake lilipanda mpaka kama kilomita 40 angani, ambako hewa ni kidogo mno, likasafiri sehemu kubwa ya njia karibu bila mpinzani. Silaha mbili, enzi moja, fizikia moja, na hakuna hata moja iliyofuata 45 ya kitabuni.

Kuhusu Mwingereza kuinua mtutu, kuna mambo mawili. Kwanza, karibu na pembe bora faida ni ndogo. Hata pasipo hewa kabisa, kutoka nyuzi 30 hadi 45 unaongeza sehemu moja ya saba au ya sita ya umbali. Pili, mtutu hauinuki upendavyo. Mdomo ukipanda, mkia unashuka kuelekea sitaha, na mzinga ukipigwa unarudi nyuma na kusukuma chini. Kitako cha manowari kina kikomo, na baharia aliye vitani hawezi kukibadilisha asubuhi ile ile.

Tena nikuombe jambo moja. Usiwaambie wageni kwamba masafa pekee ndiyo yaliyoamua. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo. Haikuweza kukimbia. Königsberg ilikuwa na mizinga 10, Pegasus 8, na manowari ya Kijerumani ilikuwa changa kwa miaka minane hivi, iliyoshushwa majini 1905 dhidi ya 1897. Kamanda Max Looff alianza kupiga akiwa mbali, kama kilomita 8, makombora ya Waingereza yakawa yanaangukia baharini kabla ya kumfikia. Zaidi ya mabaharia 30 wa Pegasus walikufa, na baadhi yao wamezikwa kisiwani Chapwani, mbele ya mji wa Unguja.

Kutia nanga nako kuna fizikia yake, na mimi naona ndipo palipokuwa na balaa kubwa kuliko masafa. Kwa kilomita 8, kombora la Königsberg lilikaa hewani kama sekunde 19 kwa makadirio yangu. Manowari inayokwenda noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, husogea karibu mita 147 katika muda huo. Pegasus ilikuwa na urefu wa mita 95 hivi. Kama ingekuwa inatembea, mpigaji angelazimika kulenga mahali ambapo hapana kitu, akibahatisha mwendo na mwelekeo wake, na nahodha angegeuza usukani tu hesabu yote ikaharibika. Chombo kilichosimama hakidai hesabu hiyo. Unapiga, unatazama maji yaliporuka, unarekebisha, unapiga tena.

Mtu akikuuliza kuhusu mzunguko wa dunia, maana wapo watalii wanaopenda swali hilo, mjibu kwamba kwa Unguja, nyuzi 6 kusini ya ikweta, mzunguko wa dunia ungelisogeza kombora lile pembeni kama mita moja tu. Kule Ulaya kaskazini, kwa safari ileile, ingekuwa mita 8 au 9. Ikweta huwarahisishia wapiga mizinga kwa upande huo, ingawa ukipiga mashariki au magharibi kombora hupanda au kushuka mita 11 hivi kuliko ulivyotarajia. Yote hayo humezwa na upepo.

Kilichofuata Rufiji kinafuata hesabu ileile. Königsberg ilijificha kwenye delta, na Julai 1915 Waingereza walileta Severn na Mersey, manowari za kina kifupi zilizoundwa kwa ajili ya mito, zenye mizinga ya inchi 6. Kombora la inchi 6 lina ratli 100, kilo 45. Gawanya kwa kipeo cha pili cha kipenyo unapata gramu 195 kwa sentimita mraba, kubwa kuliko ya Königsberg. Sasa Mjerumani ndiye aliyekuwa na kombora jepesi. Mikoko iliwazuia kuonana, kwa hiyo ndege zilizoruka kutoka Mafia ndizo zilizotazama makombora yanaangukia wapi na kuwapa habari wapigaji. Siku ya kwanza, tarehe 6, haikuwafaa Waingereza. Tarehe 11 walirudi wakaimaliza, na Wajerumani wenyewe wakailipua ili isitekwe. Mizinga yake ikatolewa na kupelekwa nchi kavu.

Ndipo linakuja swali lako mwenyewe. Kombora la kilo 17.4 likitoka kwa mita 690 kwa sekunde linabeba mwendo, ule ambao darasani huitwa momentamu, wa kilo-mita 12,000 kwa sekunde, ukizidisha uzito kwa kasi. Mzinga lazima upokee mwendo huohuo kwa upande wa nyuma, na zaidi kidogo kwa ajili ya gesi ya baruti inayofuata. Hapo haikwepeki. Melini mwendo huo unagawiwa chombo chote. Königsberg ilikuwa na tani 3,400 hivi, kwa hiyo pigo moja lingeisogeza milimita tatu au nne kwa sekunde, hata kikombe cha chai mezani kisingetikisika kwa hilo. Nchi kavu mzinga na kigari chake, tuseme ni tani 4, vinataka kurudi nyuma kwa mita 3 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia polepole, lakini ni tani 4 zinazokimbia.

Habari njema ni kwamba nishati haigawanywi sawa. Kombora linaondoka na jouli milioni 4 na zaidi. Kigari cha tani 4 kinabaki na jouli elfu 18 tu, chini ya nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuzipokea hizo elfu 18 taratibu. Mtutu unaachwa uteleze nyuma juu ya kitako chake ukizuiwa na breki ya kimiminika, na kadiri unavyoteleza mbali ndivyo nguvu inavyopungua. Mkia mrefu wa chuma unafukiwa ardhini nyuma ili kigari kisikimbie.

Kupinduka kunategemea mambo mengine: mtutu uko juu kiasi gani kutoka chini, mkia ni mrefu kiasi gani, na kigari ni kizito kiasi gani. Teke linapita kwenye mstari wa mtutu na linataka kuunyanyua mzinga uzunguke kwenye ncha ya mkia, uzito unauzuia. Mtutu ukilala karibu na ardhi ndio hatari zaidi, kwa sababu teke lote ni la kusukuma nyuma. Ukiinuka, sehemu kubwa ya teke inaelekea chini, magurudumu yanakandamizwa udongoni na mzinga unatulia, hata kama ekseli inalia. Kwa hiyo vigari vilivyotengenezewa mizinga hii vilikuwa na magurudumu mapana na mkia mzito. Kila kilo iliyoongezwa ili mzinga usipinduke ilikuwa kilo ya kukokotwa, na barabara hazikuwepo. Walioikokota ni wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba, kwenye matope ya masika.